Neno la Siri Ambalo Hakuna Anayelijua

Niliingia Kampala nikiwa nimekaa juu ya magunia ya vitunguu. Nilitoka Tabora kwa treni mpaka Mwanza, nikavuka ziwa kwa meli mpaka Bukoba, na Bukoba nikazurura sokoni mpaka dereva mmoja wa lori akakubali kunichukua kwa sharti kwamba nimsimulie hadithi asisinzie. Hadithi ziliniishia kabla ya Mutukula. Mpakani tukakwama kwa sababu ya karatasi za mzigo, na tulipovuka, kiti changu kilikuwa kimechukuliwa na shemeji wa dereva. Nikahamia juu ya magunia. Mvua ikatukuta baada ya Masaka. Kwa hiyo nilipopanda ngazi za ofisi niliyoelekezwa kule Bukoto, juu ya duka la rangi, mwenye ofisi aliinua pua kabla hajainua macho.

"Huyu amekuja kufanya kazi au kukaanga nyama?" aliuliza.

Huyo alikuwa Hajjat Zamzam, Mnubi wa Bombo, mama mwenye sauti ya kuitia watu wa upande wa pili wa barabara. Babu zake walikuja Uganda na bunduki za Waingereza begani, wakabaki, na wajukuu wakaingia kwenye biashara. Yeye aliuza vitambaa kwanza, kisha simu, kisha akaona kliniki na shule zinahangaika na makabati ya karatasi, akaanza kuuza mifumo ya kompyuta. Binamu yangu aliyekuwa akimletea vitambaa alimwambia kwamba Tabora kuna kijana wa kidato cha nne aliyejifunza kompyuta kwa kulinda duka la intaneti. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya sifa.

Niliahidi kukaa mwaka mmoja. Nilikaa mpaka nikaanza kuota mvi. Vijana wengi huniuliza ilikuwaje mtu wa miguu kama mimi, asiyekaa mahali hata uji ukapoa, akatulia Kampala miaka yote hiyo. Kusema kweli, sikutulia. Nilikuwa nimefungwa, na kilichonifunga ni maneno ya siri yaliyokuwa kichwani mwangu. Ninyi mnaoanza kazi hii ya kusimika mifumo, hilo ndilo nataka kuwasimulia, kwa sababu naona mnafungwa vilevile na mnadhani ni heshima.

Tuelewane kwanza. Mfumo wowote unaofunguliwa kwenye kivinjari una mambo ambayo lazima uambiwe kabla haujaanza kazi. Kumbukumbu zote ziko kwenye hifadhidata ipi. Hifadhidata hiyo inafunguliwa kwa jina gani na neno gani la siri. Ujumbe wa simu unatumwa kwa ufunguo upi. Hayo tunayaita mipangilio. Ni kama mfanyakazi mpya wa nyumbani siku ya kwanza: unamwonyesha sukari ilipo, mbwa yupi anauma, na nani afunguliwe geti. Bila hayo hawezi kazi. Lakini akiyasema barabarani, nyumba yako si yako tena.

Hajjat alikuwa na sheria moja kuhusu kusimika mfumo: uwe umemalizika kabla chupa ya chai haijaisha. Alikuwa na maana hiyohiyo niliyoandika. Alikwenda kwa mteja na chupa yake ya chai ya maziwa yenye tangawizi na gurusa alizopika mwenyewe, mikate ile laini ya Wanubi, akakaa, akamimina, akaongea habari za watoto na za barabara mbovu. Mimi na mwenzangu wa kazi, Afande Ochan, tulikuwa pembeni na kompyuta. Chai ikiisha na mfumo haujafunguka, mteja anaanza kutazama saa, na Hajjat anaanza kututazama sisi.

Kwa hiyo tuliweka kila kitu kwenye folda moja. Programu, picha, mipangilio, vyote pamoja. Unachomeka flashi, unanakili folda, unafungua faili la mipangilio, unabadilisha jina la mteja, umemaliza. Ilikuwa rahisi kweli. Gurusa zilikuwa bado za moto.

Afande Ochan, mwenzangu huyo, alizaliwa kwenye nyumba za askari kule Mbuya, baba yake akiwa mwanajeshi kutoka Gulu, na yeye mwenyewe alitumikia upande wa mawasiliano ya redio mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakina mapambo. Alinipokea siku ya kwanza kwa kunikatisha salamu.

"Ninyi Watanzania salamu tu iko namaliza asubuhi," alisema. "Shika kiti. Baba yako tutauliza baadaye."

Ni yeye aliyenifundisha desturi ya ofisi ile, desturi ambayo sijaiona mahali pengine popote. Kabla hujagusa faili la mipangilio, unalinakili kwanza, na ile nakala ya zamani unaiongezea neno "mzee" mwishoni mwa jina lake.

"Kwa nini mzee?" nilimuuliza.

"Mzee nastaafu, lakini hakuna kufukuza. Kijana akishindwa kazi, unarudisha mzee."

Ilinipendeza. Na ilitusaidia mara nyingi, maana tulikosea mara nyingi. Ukiharibu mipangilio mpya, unamwita mzee, mfumo unaamka. Baada ya muda kila kompyuta tuliyosimika ilikuwa na wazee kadhaa wamekaa kwenye folda, mmoja wa marekebisho ya Pasaka, mwingine wa siku printa ilipobadilishwa. Hajjat mwenyewe, aliyejua kidogo lakini bila kuogopa, naye aliacha wazee wake.

Tatizo ni kwamba folda ile ndiyo iliyotazamana na watu wa nje. Faili lenyewe la mipangilio lilikuwa na ncha ya jina ambayo seva, yaani ile programu inayowapa watu kurasa kupitia intaneti, inaitambua kuwa ni programu. Mtu wa nje akiliomba, seva inaliendesha yenyewe ndani kwa ndani, na yeye anaona ukurasa mweupe. Lakini faili lenye ncha ya "mzee" seva hailijui. Inadhani ni maandishi ya kawaida, basi inampa aliyeomba alisome lote, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Wazee wetu walikuwa wamekaa barazani wakimsimulia kila mpita njia siri za nyumba.

Hatukujua. Tulikuja kujua kwa sababu ya Sista Nakato.

Sista Nakato alikuwa muuguzi mkuu wa kliniki ndogo ya wajawazito kwenye mteremko wa Kibuli, si ile hospitali kubwa ya pale kilimani, bali nyumba ya vyumba vichache nyuma ya maduka ya mbao. Mfumo wetu uliandika wajawazito wake na kuwatumia ujumbe wa kuwakumbusha siku ya kurudi. Alikuwa mtu wa utaratibu. Hata mito ya benchi aliipanga kwa rangi. Asubuhi moja alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi.

"Mutanzania," alisema, maana wote waliniita hivyo, "njoo. Na ulete huyo afande wako."

Tulimkuta ameshika simu ya mmoja wa kina mama. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe, na juu yake jina la kliniki: *Mama mpendwa, weka dau lako leo, timu yako haitakuangusha.*

Ochan aliusoma mara mbili. "Hii si mbaya sana," akasema kwa sauti ya chini. "Wamesema mama mpendwa."

Sista hakucheka.

"Wamepata wote," alisema. "Wanawake wangu wote. Wengine nimecheka nao, wakasema Sista sasa umekuwa mtu wa kamari. Lakini kuna mmoja. Amepoteza mimba nyuma. Hii hajaambia mtu yeyote nyumbani, bambi maskini, anangoja ikue. Simu ilikuwa juu ya meza, mama mkwe akasoma jina la kliniki. Sasa nyumba yote inajua, na wanamuuliza kila siku tumbo liko aje. Hajarudi kwangu. Nimetuma mtu, hajarudi."

Aliiweka ile simu mezani mbele yetu.

"Nani amewapa namba zao?" aliuliza.

Nilifungua kivinjari kwenye simu yangu mwenyewe, nikaandika anwani ya mfumo, nikaongeza jina la faili na neno "mzee". Likafunguka. Ufunguo wa kutumia ujumbe ulikuwa mstari wa kati, umenyooka kama umepigwa pasi. Aliyekuwa nao aliweza kutuma kwa jina la kliniki na kuona namba zote zilizowahi kutumiwa.

Jambo la kwanza mkono wangu ulitaka kufanya ni kulifuta lile faili. Ochan alinishika kifundo cha mkono.

"Hapana. Kwenye redio, karatasi ya maneno ya siri ikipotea, hatutafuti karatasi. Tunabadilisha maneno. Karatasi utatafuta kesho."

Vijana, hilo liwakae. Siri ikishatoka, kufuta ilipoandikwa hakuirudishi. Badilisha ufunguo kwanza, halafu safisha. Tuliomba ufunguo mpya kwa kampuni ya ujumbe, wa zamani ukafa, tukabadilisha neno la hifadhidata, ndipo tukawahamisha wazee. Tukapita kwa wateja wote kufanya hivyohivyo. Hajjat alikuja nasi kila mahali, na kila mahali alisema mwenyewe kwa mteja kilichotokea kabla hajamimina chai. Kuna wateja waliotuacha. Hakuwalaumu.

Sista Nakato hakutuacha, ila alitoa masharti, akiwa amesimama mlangoni.

"Nataka kitu chenye mtu wa nje hawezi kusoma. Na nataka kitu chenye mimi naweka mwenyewe kompyuta ikikufa, bila wewe. Sitaki maneno ya wanawake wangu yakae kwa kichwa cha mtu mwenye mguu barabarani."

"Sista, mimi niko hapa," nilisema.

"Leo uko hapa."

Alikuwa ameniona vizuri. Wakati ule nilikuwa nikipata wikiendi tu, niko Jinja, niko Mbale, niko Fort Portal nikitazama mashamba ya chai bila sababu.

Sasa nisikieni, maana hapa ndipo wengi mnapotea. Kuweka siri salama peke yake si kazi ngumu. Na kurahisisha usimikaji peke yake si kazi ngumu. Ugumu ni kuviweka vyote viwili kwenye chupa moja ya chai. Kila nilipovuta upande mmoja, upande wa pili ulifunuka kama blanketi fupi.

Jaribio langu la kwanza nilijivunia sana. Nilisoma mahali kwamba siri zisikae kabisa kwenye faili, zikae kwenye mazingira ya mfumo, yaani kompyuta iambiwe kwa mdomo tu, kwenye dirisha la amri, na ikumbuke. Nikaiambia. Ikakumbuka. Hakuna faili, hakuna mzee, hakuna wa kusoma. Nikapanda basi kwenda Mbale.

Umeme wa Kibuli ukakatika, ukarudi. Kompyuta ikawaka bila kukumbuka hata jina lake. Kilichoambiwa kwa mdomo kilikuwa kimekufa na umeme. Sista akanipigia, benchi zimejaa, na mimi niko kando ya barabara ya Mbale nikila chapati yenye mayai. Hapakuwa na njia nyingine. Nikaanza kumsomea neno la siri herufi moja moja, naye, ili asikosee, akawa anarudia kila herufi kwa sauti ya kliniki.

"Zedi kubwa. Nne. Alama ya dola. Dola ile ya Marekani? Ndiyo, ya Marekani."

Nikasikia sauti ya mama mwingine nyuma yake: "Sista, alisema nne kabla ya dola, umeandika baada."

Na mwingine: "Sasa inabaki ngapi? Mimi nimeshika yote."

Mfumo ukaamka, na neno la siri likawa linajulikana na benchi zima. Jioni ile nilirudi Kampala kulibadilisha. Kina mama wale walinisalimia kwa "Zedi kubwa" miezi mingi baadaye. Wengine walikuwa na watoto wanaotembea na bado waliniita hivyo.

Jaribio la pili lilikuwa la kujionyesha. Nikaandika mipangilio kwenye faili kisha nikalifungia kwa hesabu za siri, lisisomeke. Nikamwonyesha Ochan.

"Safi," alisema. "Ufunguo wa kufungua hii iko wapi?"

"Kwenye faili lingine."

"Hiyo faili lingine nafungwa na nini?"

Yeye akaendelea kunywa chai yake, akifurahi taratibu.

"Kijana, mfumo lazima nasoma siri yake mwenyewe ikiamka. Hiyo huwezi kukimbia. Sasa wewe chagua tu nani mwingine hapana soma." Akachora kwa kidole juu ya meza. "Folda ya wageni iko hapa. Toa faili hapa, peleka huku nyuma, mahali seva hakuna kuonyesha mtu. Halafu weka mwenyewe mmoja: huyu mtumiaji wa mfumo, hapana mtu, ni jina programu natumia, peke yake. Wengine wote kwa hiyo kompyuta, hata kusoma hapana. Kwa kliniki ya Sista hiyo inatosha. Makufuli mengi ni kwa benki."

Ni maneno ya kawaida, na mtayakuta kwenye kila kitabu cha kazi hii. Lakini mtu akiwa na miaka michache ya ujuzi anapenda kufuli la saba kuliko kulifunga vizuri la kwanza. Mimi nilikuwa huyo.

Sehemu ya usalama ikawa imekaa. Ya urahisi bado. Kuhamisha faili nyuma, kubadilisha mwenye faili, kutunga neno la siri, kulipeleka kwenye hifadhidata, kuliandika bila kukosea: chai ingeisha, gurusa zingeisha, na Sista asingeweza peke yake. Na bado neno la siri lilikuwa kichwani mwangu. Kompyuta yoyote ikifa popote Kampala, simu inaita, nami naahirisha safari. Kuna mwaka niliahirisha kwenda Tabora mpaka mama akaacha kuniuliza nakuja lini, akaanza kuniuliza kama bado nakula ugali.

Ufumbuzi ulitoka kwa Hajjat, na yeye hakujua kuwa ametoa ufumbuzi. Alikuwa amehama nyumba kule Bombo, anapumzika ofisini huku miguu iko juu ya kiti. Nilimuuliza kama funguo zote za nyumba ya zamani amezipata, maana siku zote alikuwa akizipoteza.

"Funguo za nini?" alisema. "Mimi nikihama sibebi kufuli la zamani. Nanunua jipya, lina funguo zake. La zamani liozee huko."

Nilisimama. Ochan akanitazama. "Mutanzania ameumwa na kitu," akasema.

Nilikuwa nimeelewa kitu rahisi mno, naona haya hata kukiandika. Neno la siri la hifadhidata si la binadamu. Hakuna binadamu anayeliandika kila siku. Ni kati ya mfumo na hifadhidata yake, wanalisemezana wao kwa wao. Basi kwa nini mimi nilijue? Kwa nini mtu yeyote alijue? Kompyuta mpya ikija, itunge lake jipya, refu, la ovyoovyo, ilipeleke pande zote mbili, iliandike kwenye faili la nyuma, ilifunge, inyamaze. La zamani liozee huko.

Tukaandika programu ndogo ya kusimika. Ochan aliandika maneno ya onyo, na mimi nikayapunguza ukali, kwa sababu alitaka mtu akikosea aambiwe "Simama wima". Programu hiyo inauliza maswali matatu tu. Kliniki inaitwaje? Ufunguo wa ujumbe kutoka kampuni ya simu ni upi? Huo mwenye kliniki anauomba mwenyewe upya, na wa zamani unakufa. Na nakala za akiba za kila siku zifungwe kwa maneno gani? Hayo ya tatu ndiyo pekee ambayo lazima yakae kwenye kichwa cha mtu, kwa sababu bila hayo kompyuta ikifa kumbukumbu hazirudi. Lakini kichwa hicho kisiwe cha fundi. Kiwe cha mwenye nyumba, na cha mtu mmoja mwingine anayemwamini.

Kwenye flashi hatukuweka tena mipangilio ya kweli. Tuliweka faili la mfano, majina upande wa kushoto na nafasi tupu upande wa kulia, ili anayesoma ajue kinachohitajika bila kujua siri ya mtu. Na kitu kikikosekana, mfumo unakataa kuamka na unasema wazi ni kipi kimekosekana. Msiandike mfumo unaoamka nusu. Mfumo ulioamka nusu ni wa hatari kuliko uliolala.

Mwisho kabisa tukaongeza hatua moja ambayo mpaka leo naiona bora kuliko zote. Programu ikimaliza inatoka nje, inageuka mgeni, na inajaribu kuyasoma mafaili yake yenyewe kupitia kivinjari kama mwizi angefanya. Ikiweza, inakataa kufungua mfumo.

Siku ya kujaribu tulikwenda Kibuli wote watatu. Hajjat alimimina chai. Sista alikaa mbele ya kompyuta, sisi tukaambiwa tusimame mbali. Swali la kwanza akajibu. La pili akajibu. La tatu akageuka.

"Mutanzania, tazama ukuta."

"Sista, mimi ndiye niliyeandika hiyo programu."

"Kale, basi unajua kwa nini nasema tazama ukuta. Afande, na wewe."

Tukatazama ukuta, watu wazima wawili, mbele ya bango la kunyonyesha, huku kina mama wakicheka nyuma yetu. Nikasikia vidole vyake vikibofya polepole. Kisha Sista akasoma kwa sauti: "Nimeona faili la zamani mahali pa wazi. Liondoe kwanza."

Hajjat akaweka kikombe chini. "Nani?"

Ochan alikuwa bado ametazama ukuta. Asubuhi ile, alipokuwa akiandaa ile kompyuta, mkono wake ulikuwa umeacha mzee kwa mazoea.

"Imeshika mimi," alisema, na nilivyomwona, sijawahi kumwona na furaha kama ile. "Mtoto tumezaa anakamata baba yake."

Faili likaondolewa, Sista akarudia, mfumo ukafunguka. Hajjat alitikisa chupa karibu na sikio lake. Chai ilikuwa bado imo.

Miaka ilipita hapo. Kazi ilibadilika, siku hizi mna zana za kufanya haya yote kwa amri moja, na mifumo mingi imehamia kwenye kompyuta za kukodi ambazo hamtaziona kwa macho. Sawa. Lakini bado nawaona mkitumiana maneno ya siri kwenye makundi ya simu, na bado nawaona mkisema kwa fahari kwamba mfumo fulani "bila mimi hauendi". Mnajisifia kamba.

Msimu mmoja wa mvua radi ilipiga Kibuli. Nilisikia habari hiyo barabarani, na nikaanza kungoja simu kama kawaida yangu, mfuko wa vifaa uko mlangoni. Siku ikapita. Ya pili ikapita. Siku ya tatu simu ikaita, ni Sista.

"Nakuja," nilisema kabla hajasalimu.

"Kuja kufanya nini? Kompyuta ilikufa, tukanunua nyingine, nikaweka. Nakupigia kukualika chai."

Nilikwenda. Benchi zimejaa, mfumo unafanya kazi kwenye kompyuta ambayo sijawahi kuigusa. Niliizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoijenga.

"Neno la siri la hifadhidata ni lipi?" nilimjaribu.

"Sijui. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Hakuna."

"Webale, asante, basi tunywe chai," alisema. Halafu akanielekeza kwa kidevu, kwenye benchi ya mwisho karibu na dirisha. Mama mmoja alikuwa amekaa hapo na mtoto wa kiume anayerukaruka, na tumbo lingine chini ya gomesi, lile vazi refu la kina mama wa Uganda.

"Yule ndiye, yule wa mama mkwe," Sista alisema. "Huyo mtoto alimzaa kwingine. Huyu wa sasa amemleta kwangu. Amesema anataka ujumbe wa kumkumbusha."

Yule mama aliona tunamtazama, akadhani nasubiri salamu.

"Zedi kubwa," alisema. Alikuwa amesimuliwa.

Wiki ile nilimwambia Hajjat kwamba naondoka, na safari hii sirudi. Hakushangaa. Aliuliza tu nakwenda kufanya nini, nikamwambia Sikonge, kwetu Tabora, kuna asali na kuna barabara ndefu za kuipeleka, na leo, ninapowaandikia haya, bado ndiyo kazi yangu. Asubuhi ya kuondoka nilipanda ngazi zile za duka la rangi mara ya mwisho. Ochan alikuwa amevaa shati lililonyooshwa kwa pasi. Alinisalimia salamu ndefu ya Kitanzania, ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, ya afya, ya wazee, mpaka ya mvua, bila kukosea hata moja, kisha akakaa chini kama mtu aliyemaliza gwaride.

Hajjat alinyoosha kiganja. Ofisini kwake mtu hakuondoka bila kukabidhi.

"Haya, Mutanzania. Nipe funguo zote. Za kliniki, za shule, zote ulizonazo."

Nilitafuta mfukoni, nikampa ule mmoja niliokuwa nao. Aliugeuza, akautazama, akanitazama mimi.

"Huu ni wa mlango wa choo," alisema.

"Ndio pekee," nilimwambia, nikashuka ngazi.